Rangi Juu ya Ufa

Kila alasiri, akitoka shule, Sponji alikuwa akivua sare, anaitundika msumarini, anakula kilichofunikwa mezani, kisha anavuka ua kwenda kwa mjomba wake kuosha pikipiki. Shuleni msichana huyu aliitwa kwa jina lake la daftari, lakini mtaani hakuna aliyelijua. Mjomba ndiye aliyempachika hilo la Sponji, na lilimganda kama gundi.

"Huyu mpwa wangu," mjomba alipenda kuwaambia wateja, "mkimwacha karibu na kinyesi cha kuku kwa muda wa kunywa chai, mtarudi mkute kinang'aa!"

Wateja walicheka, na Sponji alicheka pia. Alipenda kazi ile. Alikuwa na ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya maji safi, brashi ya nywele ngumu ya kusugulia rimu, mswaki mkuukuu wa kupenyeza kwenye mapengo ya injini, na matambara yaliyokatwa kutoka mashuka ya zamani ya mama yake. Pikipiki ikiingia na matope hadi kwenye taa, yeye aliifanya iwe kama imetoka dukani.

Mjomba naye alikuwa na jina lake la mtaani: Mng'aro. Alinunua pikipiki zilizokwisha tumika, akazirekebisha kidogo, akaziuza hapo hapo uwanjani, chini ya paa la mabati. Nyumba ilikuwa yake. Sponji na mama yake walikaa vyumba viwili vya nyuma bila kulipa kodi, kwa sababu mama alikuwa dada yake mkubwa na mjomba hakupenda kusikia kwamba dada yake anahangaika. Mama alikuwa muuguzi, akienda zamu asubuhi wiki hii na mchana wiki ile. Jioni wote watatu walikula pamoja, na mjomba akawachekesha mpaka mama akamwambia anyamaze, mtoto asije akapaliwa.

Siku moja lori lilishusha pikipiki ambayo Sponji hakuwahi kuona mfano wake. Ilikuwa pikipiki ya safari ndefu. Kiti chake kilikuwa kipana, cha watu wawili, na nyuma kilikuwa na egemeo kama la kochi. Mbele ilikuwa na kioo kirefu cha kukinga upepo. Ubavuni ilibeba masanduku mawili makubwa yenye vifuniko na kufuli, na la tatu lilikaa nyuma ya egemeo. Ilikuwa imefunikwa vumbi zito na mavi ya popo, lakini chini ya uchafu ule mtu angeona kwamba zamani ilikuwa mashine ya heshima.

"Hii ililala ghalani muda mrefu," mjomba alisema huku akizunguka kuitazama. "Mwenyewe alizunguka nayo nchi nzima, halafu akazeeka, akaisahau. Ioshe kama unamwosha bwana harusi. Kuna mzee na mkewe wanatafuta mashine ya namna hii. Wanakuja Jumamosi."

Sponji alikunja suruali hadi magotini, akaanza.

Alianza na kiti. Mjomba alifungua komeo, kiti kikanyanyuka, na harufu ikatoka. Harufu hiyo haikuja taratibu. Ilimpiga usoni. Ndani ya kisanduku cha kichujio cha hewa, mahali injini inapovutia pumzi, panya walikuwa wamejenga kiota cha matambara, karatasi na nywele, na katikati ya kiota kulikuwa na panya mmoja mkubwa aliyekufa zamani, amelegea na kushikana na vitambaa hivyo kama uji ulioganda. Sponji aliziba pua kwa mkono wa shati lake.

"Mjomba! Nitatapika!"

"Usitapikie kiti, tapikia huko," mjomba alimjibu akicheka. Alichukua kijiti, akakitoa kile kiota, akakitupa kwenye ndoo ya taka, kisha akajifutia mkono kwenye suruali. "Umeona? Kimeisha."

Lakini hakukiosha kile kisanduku. Alipulizia manukato ya gari, yale ya harufu ya machungwa, akafunga kiti. Sasa ilinuka panya na machungwa kwa pamoja, na Sponji hakujua kipi kilikuwa kibaya zaidi.

Siku zile zilizofuata aliona mengine. Mjomba alipofungua tangi la mafuta, petroli iliyokuwamo ilikuwa nyeusi na nzito, ikinuka kama rangi iliyooza, na ndani ya tangi kulikuwa na kutu iliyobanduka maganda maganda. Mjomba aliimwaga petroli ile, akaweka nyingine safi juu ya kutu ile ile. Alipofungua oili ya injini, ilitoka nyeupe nyeupe kama chai ya maziwa iliyochacha.

"Kwa nini ina rangi hii?" Sponji aliuliza.

"Maji yameingia."

"Yameingilia wapi?"

"Mpwa wangu, unauliza kama polisi." Akatia oili mpya, nzito kama asali, inayofanya injini mbovu isipige kelele.

Matairi bado yalikuwa na mistari yenye kina, lakini katikati ya mistari raba ilikuwa imepasukapasuka kama kisigino cha mtu asiyevaa viatu. Mjomba alimpa Sponji kopo la dawa nyeusi, akamwambia apake. Akapaka, mipasuko ikapotea. Shokapu za mbele zilivuja. Mafuta yalichuruzika polepole kwenye vyuma vinavyong'aa, yakivuta vumbi na kugeuka tope jeusi lenye kunata. Kila mara Sponji aliyafuta, na kila asubuhi aliyakuta yamerudi.

Mkono wake ukaanza kunuka. Alinawa kwa sabuni ya kufulia, akanawa tena kwa majivu, lakini akiunyanyua kupeleka tonge mdomoni, harufu ilikuwepo.

Ijumaa alilala chali chini ya pikipiki, akisugua mabomba ya fremu kwa mswaki. Chini kabisa ya kiti cha nyuma, mahali bomba linaloshikilia masanduku linapoungana na fremu, mswaki ulikwama. Akafuta kwa tambara. Akaona mstari mwembamba, wa rangi ya kahawia, ukizunguka bomba karibu lote. Aliubonyeza kwa kidole, na vumbi la kutu likamwangukia usoni.

"Mjomba, njoo uone. Hapa pamepasuka!"

Mjomba alipiga magoti, akachungulia, akapitisha ukucha kwenye ule mstari. Kwa mara ya kwanza tangu pikipiki ije, hakutania.

"Una macho wewe," alisema polepole. "Hapa palibebeshwa kupita kiasi. Pikipiki hizi watu hujaza masanduku yote, halafu mtu anakaa nyuma. Uzito wote unakuja kukaa hapa."

"Na ikikatika?"

"Ikikatika..." Mjomba alisimama akakung'uta magoti. "Haitakatika."

"Tumwite mchomeleaji?"

"Mchomeleaji atataka tuvue nyuma nzima. Tukivua nyuma nzima, hatumalizi hata wiki ijayo. Na wageni wanakuja kesho."

Aliingia ndani, akatoka na puti, ule udongo laini ambao mafundi huzibia mabati ya magari. Akaukandika juu ya ufa kwa kidole gumba kama mtu anayepaka siagi mkate. Ulipokauka, akampa Sponji msasa.

"Haya, fundi. Hapo sasa ndipo nataka mkono wako."

Sponji alisugua kwa msasa mkali, kisha kwa msasa laini, mpaka bomba likawa duara safi. Mjomba akapulizia rangi nyeusi. Sponji akaisugua kwa nta mpaka ikang'aa kama sehemu nyingine zote. Walipomaliza, mjomba alimwambia afumbe macho, afumbue, kisha autafute ufa. Akautafuta, asiuone.

"Umepotea!" mjomba alishangilia. "Hata wewe uliyeuona, umekupotea!"

Sponji alitabasamu. Halafu tabasamu likakwama.

"Lakini mjomba, ufa si bado uko ndani?"

"Unauona?"

"Siuoni."

"Basi."

Jioni ile mjomba alimkatia kipande kikubwa cha mkate kwa mkono wake, kidole gumba bado kina puti kwenye ukucha. Sponji alisema ameshiba.

Jumamosi asubuhi mama alikuwa zamu. Kabla ya wageni kufika, mjomba aliiwasha pikipiki. Ilikohoa, ikazima. Ikakohoa tena, ikatoa moshi mweupe, ikazima. Alihangaika nayo mpaka jasho likamtoka, na ilipokubali, akaiacha ingurume muda mrefu. Kisha akaizima, akamwagia bomba la moshi maji ili lipoe, akayafuta. Alifuta shokapu. Aliona doa kwenye tangi, akalitemea mate, akalisugua kwa kidole. Sponji aligeuza uso.

Wageni walikuja kwa miguu, wameshikana mikono. Mzee alikuwa dereva wa treni aliyestaafu, mrefu, mwenye mvi zilizonyolewa karibu. Mkewe alikuwa mfupi, mchangamfu, na alikuwa amevaa viatu vya raba vipya kabisa.

"Shikamooni," Sponji aliwasalimu.

"Marahaba, mjukuu wangu!" bibi aliitikia. Akaiona pikipiki, akashika kifua. "Jamani, baba watoto! Ni kama kochi letu, ila hili lina magurudumu!"

Mjomba alicheka kwa sauti kubwa kuliko kawaida. "Karibuni sana. Mama, hii ni pikipiki ya watu waliokwisha kula chumvi nyingi. Ukikaa nyuma hapo, utasinzia."

"Sitasinzia hata kidogo," bibi alijibu. "Huyu mume wangu amewapeleka watu wa watu kila mahali, mimi akaniacha jikoni. Watoto wetu wametawanyika, kila mmoja na mji wake. Wajukuu wengine sijawahi kuwashika. Sasa ni zamu yangu. Nataka nipite kila barabara na macho wazi."

Mzee hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikunja mikono ya shati, akaweka kiganja juu ya injini.

"Ina joto."

"Niliisogeza kidogo tu, mzee wangu, nikaitoa kivulini."

"Ningependa kuisikia ikiamka baridi. Ikiwa na shida ya kuwaka, asubuhi ndipo inaonekana."

"Hii? Inaamka kabla yangu!"

Mzee alichuchumaa mbele, akakandamiza usukani chini, ukainuka. Akapitisha kidole kwenye shokapu. Kidole kilitoka na unyevu kidogo.

"Nimeipaka mafuta isishike kutu," mjomba alisema haraka.

Mzee alinyanyua gurudumu la mbele kwa msaada wa stendi, akageuza usukani kushoto na kulia, akisikiliza. Aliutazama mnyororo, akauvuta nyuma ya gia kuona kama umelegea. Alisoma namba ya fremu, akailinganisha na ile ya kwenye kadi. Zililingana. Alifungua tangi, akachungulia, akanusa. Kwa kila alichouliza, mjomba alikuwa na jibu, na kila jibu lilikuwa laini na la kupendeza. Sponji alisimama kando na ndoo yake akimsikiliza. Alikuwa amezoea kuyafurahia maneno ya mjomba. Leo aliyasikia yakitoka kama yale mafuta ya shokapu, yakichuruzika, yakinata, hayaishi hata ukiyafuta.

"Matairi yanaonekana mapya," mzee alisema.

"Ni ya juzi juzi," mjomba alijibu.

Sponji alihisi mate yakimjaa mdomoni, yale mate mepesi yanayotangulia kutapika. Aliyameza.

"Nipande nijaribu?" bibi aliuliza.

"Panda, mama, panda! Kiti chako hicho."

Mzee alimshika mkewe mkono, bibi akapanda, akaegemea, akajitikisa huku na huku kama mtoto aliye kwenye bembea. Pikipiki ikatoa mlio mdogo chini, *kri*. Hakuna aliyeusikia isipokuwa Sponji, ambaye masikio yake yote yalikuwa pale chini. Bibi aliinama kutazama miguu aweke wapi, na mkono wake ukashika lile bomba. Lile lile.

"Ee! Hata huku chini panang'aa," alisema. "Nani amesugua hivi? Ni wewe, mjukuu wangu? Njoo nikuone. Kijana mwingine angeosha juu juu tu, lakini wewe umefika mpaka mahali pasipoonekana. Mungu aibariki mikono hiyo."

Sponji aliitazama mikono yake. Kama angeweza kuivua kama glavu, angeitupa kwenye ndoo ya taka pamoja na yule panya.

"Sawa," mzee alisema, akinyanyuka. "Mengine tutarekebisha wenyewe." Akanyosha mkono kwa mjomba.

"Bibi, shuka!"

Sauti ilimtoka Sponji kabla hajajua kwamba anasema. Wote wakageuka.

"Kuna nini?" bibi aliuliza.

"Shuka, bibi. Tafadhali. Usikae hapo."

"Msimsikilize," mjomba alisema akitabasamu, lakini macho yake hayakutabasamu. "Huyu tangu jana ana homa. Sponji, nenda ndani ukalale."

Sponji hakwenda ndani. Alikwenda kwenye kopo la petroli lililokuwa karibu na ukuta, akalowesha tambara, akarudi, akalala chali chini ya pikipiki huku amevaa shati lake safi la Jumamosi. Akaanza kusugua. Mjomba alimshika mguu amvute.

"Mwache," mzee alisema. Hakupaza sauti, lakini mjomba aliachia.

Rangi ilitoka nyeusi kwenye tambara, ikamchuruzikia kwenye viganja. Chini ya rangi ikatokea puti ya kijivu. Sponji aliikwangua kwa ukucha, ikabanduka kama gaga la kidonda, na ule mstari wa kahawia ukajitokeza, mrefu kuliko jana. Harufu ya petroli na kutu ilimwingia kooni. Alitambaa akatoka, akakimbia hadi ukutani, akatapika.

Bibi alikuwa ameshashuka. Mzee alipiga magoti pale alipolala Sponji, akatoa ufunguo mfukoni, akauchomeka kidogo kwenye ufa. Ufunguo uliingia. Aliuchomoa, akaupanguza kwenye leso, akaitazama ile leso.

"Nimeendesha treni maisha yangu yote," alisema. "Nimekuta reli iliyopasuka, nikasimama. Hakuna aliyewahi kuipaka rangi ili nisiione."

"Mzee wangu, mimi mwenyewe sikujua..." mjomba alianza, akamnyoshea bibi mkono kama anayetaka kumtuliza.

Bibi aliutazama ule mkono kama mtu anayetazama kitu kilichokufa njiani. Hakuushika. Alikwenda kwa Sponji, akampanguza mdomo kwa ncha ya kitenge chake, akasema, "Asante, mwanangu." Kisha wakaondoka kwa miguu kama walivyokuja, ila safari hii walitembea taratibu zaidi.

Mjomba alifunga geti kwa kishindo.

"Umeniaibisha mbele ya wageni! Nimewapa nyumba, nimewapa chakula, kumbe nafuga nyoka! Mama yako akirudi, mwambie mfungashe vitu vyenu!"

Sponji alikwenda vyumba vya nyuma, akajifungia, akajimwagia maji, akajisugua mikono mpaka ngozi ikawaka.

Mama alirudi alasiri, bado amevaa sare yake nyeupe. Sponji alimweleza yote, tangu panya mpaka puti, bila kujiondoa. "Mimi ndiye niliyesugua, mama. Nilijua uko ndani, nikasugua."

Mama alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akavuta sanduku la nguo lililokuwa chini ya kitanda, akaanza kupanga vitu vyao. Mjomba alisikia sufuria zikigongana, akaja mlangoni.

"Dada, unafanya nini?"

"Umesema tufungashe. Tunafungasha."

"Ah, dada! Zilikuwa hasira tu. Nani awafukuze nyinyi?"

Mama aliweka sufuria chini, akapita karibu yake, akaenda moja kwa moja uwanjani, mpaka kwenye pikipiki. Akapandisha sketi ya sare, akakaa kiti cha nyuma. Akaegemea.

"Haya," alisema. "Njoo uiendeshe. Unipeleke sokoni na kunirudisha. Twende kwa kasi kama wanavyokwenda watu wa safari."

"Dada, shuka."

"Kwa nini? Si nzima? Si ulikuwa unaiuza?"

"Shuka, nakuomba."

"Yule bibi hukumwambia ashuke."

Mjomba alimshika dada yake mkono, akamshusha kwa uangalifu kama mgonjwa, kisha akakaa kwenye tofali na kuinamisha kichwa.

Jumatatu mchomeleaji alikuja. Walivua masanduku, wakavua kiti, wakavua egemeo. Mchomeleaji, mtu mnene mwenye miwani myeusi kwenye paji la uso, aligonga lile bomba kwa nyundo ndogo ili asikie mlio wake. Halikutoa mlio. Lilikatika, kipande kikaangukia mkononi mwa mjomba, na ndani yake kukamiminika unga wa kutu uliolowa, unaonuka kama maji ya chombo cha maua yaliyokaa sana.

"Hili lingefika kona ya kwanza," mchomeleaji alisema, "ya pili sidhani."

Mjomba akakitupa kile kipande, akaenda bombani, akanawa mikono. Sponji alimwona akiinusa, akanawa tena.

Kuanzia siku ile kazi ilibadilika. Bomba lilikatwa pande zote mbili mpaka kwenye chuma kizima, likawekwa jipya. Tangi lilivuliwa, likaoshwa ndani kwa kokoto na dawa mpaka maji yakatoka meupe. Injini ilifunguliwa, na gasketi iliyokuwa ikipitisha maji ikabadilishwa. Shokapu zikawekwa sili mpya za kuzuia mafuta yasivuje. Kisanduku cha hewa alikisafisha mjomba mwenyewe, kwa mikono yake, huku akibana pua na kulaani panya wa dunia nzima. Sponji alikuwa akipitisha spana. Siku moja, akiwa ameinama kwenye injini, mjomba alisema bila kumtazama, "Nilikuita nyoka. Nisamehe, mpwa wangu." Sponji akasema, "Nimeshasamehe, mjomba. Na mimi nilisugua." Wakaendelea na kazi.

Pikipiki ilipokuwa tayari, mjomba alikwenda mwenyewe nyumbani kwa wale wazee. Hakusimulia alichosema huko. Alirudi amelowa jasho, na siku ya pili, mapema asubuhi, mzee na mkewe wakaja.

"Haijaguswa tangu jana," mjomba alisema. "Shika injini."

Mzee akashika. Baridi. Akaiwasha. Ikakohoa mara moja, ikakubali. Akasikiliza, akaizunguka, akajaza masanduku yote matatu kwa mifuko ya mchanga, akaketi nyuma yeye mwenyewe na kujirusha kwa uzito wake wote. Haikulia.

"Sasa mimi namtaka yule mkaguzi wangu," bibi alisema. "Mjukuu wangu, njoo. Niambie ubaya wake, usinifiche."

Sponji alimtazama mjomba. Mjomba akamwashiria kwa kichwa aseme.

"Kioo cha mbele kina mkwaruzo huku kulia, bibi. Betri ni ya zamani, bora mbadilishe kabla ya safari ndefu. Taa ya kushoto ya nyuma inawaka ikipenda. Na kilomita mnazoziona zisiaminiwe. Kifaa cha kuzihesabu kilikuwa kimeharibika ilipokuja."

"Na matairi?" mzee aliuliza.

"Yale niliyoyapaka dawa tuliyatoa. Haya mapya."

Bibi alipiga makofi. "Hiyo ndiyo naichukua! Naijua sasa, na yenyewe inanijua."

Waliondoka nayo asubuhi ile ile, bibi akiwa nyuma, macho wazi, akipunga mkono mpaka walipokata kona. Mama, aliyekuwa anajiandaa kwenda zamu ya mchana, alibaki amesimama getini katikati ya ndugu yake na binti yake.

"Kule wodini," alisema, "watu hutuletea vidonda vilivyofungwa vitambaa vyeupe kabisa. Nje pasafi, hata unaona vibaya kufungua. Ukifungua, ndiyo unajua. Na mgonjwa anakuwa amechelewa, kwa sababu kile kitambaa kilimdanganya kila mtu, pamoja na yeye mwenyewe." Akamgeukia Sponji. "Wewe unajua kusafisha, mwanangu, na ni kazi nzuri. Lakini kusafisha ni kuondoa uchafu. Kuufunika ni kuulea. Ulikosea ulipousugua ule ufa, na ulifanya vyema ulipoufungua mbele ya wanunuzi, ijapokuwa uliogopa. Mkweli si yule asiyekosea. Ni yule asiyekubali mwingine aumie kwa kosa lake."

"Nilisikia kinyaa, mama," Sponji alisema. "Tangu Ijumaa. Nikawa namezea tu."

"Basi siku ukikisikia tena, usimeze," mama alisema. "Ni mwili unakuambia kuna kitu kimeoza. Simama, utafute ni kipi."